Jalada Jekundu Ndani ya Friza

Ungefanya nini kama watu wasiomjua baba yako wangekaa mezani, katika miji usiyoijua, wakakubaliana kwamba jina lake lishuke chini ya jina la mtu mwingine? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na shangazi akanitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyofurika jikoni kwake: bila hasira, akiwaza tu nani atapangusa.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, naye ndiye aliyenilea. Anafanya kazi hebaria, yaani nyumba ya kutunzia mimea iliyokaushwa. Ukiingia unakuta makabati ya chuma yamepangwa pande mbili hadi mwisho wa ukumbi, rangi imebambuka kwenye vishikio. Ndani ya kabati mna majalada, ndani ya jalada mna karatasi ngumu, na juu ya kila karatasi limelazwa tawi moja na majani yake na maua yake, na chini kibandiko kinachosema nani alilikata na wapi. Usitegemee harufu ya maua. Kuna harufu ya vumbi, gundi na dawa ya nondo.

Kazi yake ni kubandika. Anapaka gundi mgongoni mwa jani kwa brashi, analilaza, anaweka juu yake vifuko vya mchanga ili likauke bila kujikunja. Shina nene analishona kwa sindano na uzi. Matunda na mbegu zilizodondoka anazitia kwenye pakiti ndogo ya karatasi anayoikunja mwenyewe, kisha anaibandika pembeni mwa tawi lake, zisije zikapotea. Wenzake wanamwita Bi Gundi. Jioni akiosha vyombo, vidole vyake huambuka ngozi nyembamba nyeupe ambayo si ngozi.

"Mimi huwavisha wafu," huwaambia wanaomuuliza kazi yake. "Raha yake ni kwamba wafu wenyewe hawalalamiki nguo inabana."

Siku hizi amechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nasema ule unaokaa mtu mpaka akikaa kwenye kiti, kiti nacho kinaonekana kimechoka. Miguu yake huvimba. Kusoma kibandiko kidogo hutumia miwani mbili, moja juu ya nyingine. Alikwisha kustaafu, lakini kwa kuwa hakuna aliyefundishwa kazi yake, wakubwa walimwomba aendelee kidogo, na hicho kidogo kimekuwa kama kamba ya kisima, kila ukivuta kuna nyingine. Nasema waziwazi: taasisi inayomng'ang'ania mama mchovu kwa sababu yenyewe ilikuwa mvivu kuandaa mrithi wake haistahili kujiita ya elimu. Nilimwambia mkuu wetu hivyohivyo. Akanipa pole ya kazi.

Mimi niko hapo kwa mkataba. Napiga picha karatasi moja moja na kuziingiza kwenye kompyuta ili hebaria nyingine zione tulicho nacho. Hapo ndipo nilipoielewa biashara ya majina.

Mkusanyaji akikuta mti porini hakati tawi moja. Anakata matawi kadhaa ya mti uleule, siku ileile, na yote anayapa namba moja. Tawi moja linabaki nyumbani. Mengine yanasafirishwa kwa hebaria za mbali. Sisi tunayaita mapacha. Halafu mtaalamu wa hebaria moja akimtazama pacha wake na kugundua kwamba jina tulilompa si lake, anaandika kipande kidogo cha karatasi chenye jina sahihi, anakibandika, na anatuma habari kwa nyumba zote zenye mapacha wa namba ile. Nasi kila mmoja kwake tunabandika kipande kama hicho. Kile cha zamani hakibanduliwi. Kinabaki palepale, kama mzee aliyeondolewa uenyekiti lakini bado anakuja mkutanoni.

Na sheria yao ni moja, ngumu kama ukoko: mmea mmoja, jina moja, na jina la kwanza kutangazwa ndilo linalosimama. Yakigundulika majina mawili ni ya mmea mmoja, la baadaye linashuka chini ya lile la kwanza. Haliulizwi lilitolewa kwa heshima ya nani.

Baba yangu alikuwa mkusanyaji. Katika safari yake ya mwisho alikata matawi ya mti mfupi pembeni mwa kijito, juu mlimani, akayabana kwenye magazeti kama kawaida. Gari lilipinduka wakati wa kurudi. Mabunda ya magazeti yalifika. Yeye akaletwa siku iliyofuata. Shangazi alizika mdogo wake, akarudi kazini, na kazi ya kwanza aliyoikuta mezani ilikuwa kubandika matawi yale. Aliyabandika. Mapacha wakaenda zao. Baadaye mtaalamu mmoja wa ng'ambo alimtazama pacha wake, akaona majani yana vinyweleo kwa chini, akasema huu ni mti mpya, haujawahi kuandikwa, na akaupa jina la baba yangu.

Sampuli iliyozaa jina namna hiyo, hata ikiwa ni pacha, huwekwa kwenye jalada jekundu. Haiguswi ovyo. Nilipokuwa mdogo, watoto wenzangu wakiuliza baba yako yuko wapi, wengine hujibu kazini, wengine hujibu hayupo. Shangazi alinifundisha kujibu: "Baba yangu ni mti." Siku za kumkumbuka hatukwenda makaburini. Alinipeleka hebaria, akafungua kabati, akafunua jalada jekundu, tukasimama kidogo. Kisha akafunga, tukaenda kula.

Sasa mwaka huu akaja mgeni.

Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka hebaria ya nchi jirani, mpole wa sauti, na kioo cha kukuzia kinaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Kabla ya saa ya chai wafanyakazi walikwisha kumbatiza: Bi Lenzi. Hebaria kadhaa zilikuwa zimekubaliana kutengeneza orodha moja ya jamii ile ya miti, ili pasiwe tena na nyumba inayoita hivi na nyingine vile. Yeye ndiye aliyetumwa kupita nyumba kwa nyumba, kufungua kila jalada. Wenzake wote walimsubiri, maana walikuwa wameahidiana kwamba hakuna nyumba itakayobadilisha jina peke yake kabla nyingine hazijasema neno.

Alipomaliza majalada ya kawaida, alimwendea shangazi mezani kwake.

"Mama, samahani kukusumbua. Nimebakiza lile jekundu."

"Lipi?"

Akalitaja. Akataja jina la baba yangu kwa utaratibu, kama mtu anayesoma mlangoni kabla ya kubisha hodi. "Kuna mti wa zamani zaidi ambao unafanana nao sana. Majani yenye vinyweleo nimeyaona kwa yote miwili, kwa hiyo hapo hapana tofauti. Imebaki tunda tu. Kama tunda la huu lina bawa, ni mti mwingine, na jina linabaki. Kama halina, ni mti uleule. Mapacha wetu wana maua tu. Lakini kwenye picha ya karatasi yenu naona pakiti ya matunda imebandikwa pembeni."

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye jani alilokuwa akilipaka gundi.

"Liko kwenye friza," akasema. "Lilikuwa na wadudu."

Hapa nieleze. Adui wa hebaria ni mdudu mdogo anayekula mimea mikavu, na dawa yake ni baridi. Sampuli yenye mashaka hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kutiwa kwenye friza kubwa ya chumba cha nyuma mpaka mdudu na mayai yake wafe. Ni jambo la kila siku, na hakuna anayelishangaa. Ila mimi jalada lile nililipiga picha wiki chache kabla. Halikuwa na hata tundu la sindano.

"Basi nitasubiri," Bi Lenzi akasema. "Nina mengine ya kufanya."

Akasubiri. Wiki ikaisha. Kila asubuhi aliuliza habari za usiku, na kila asubuhi shangazi alijibu salama, bado liko kwenye friza. Mtu wa kazi ile anajua kwamba mdudu hahitaji baridi ya namna hiyo. Kwa muda ule hata mamba angekuwa amekata tamaa. Bi Lenzi alivuta kiti, akaendelea kuchungulia maua.

Nilifurahi, sifichi. Nilidhani shangazi yangu ameanza vita, na mimi nilikuwa nimesubiri vita maisha yangu yote. Nikasoma habari za yule mwenye jina la kwanza. Alikuwa msafiri wa zamani aliyepita kwa siku chache, akakata kijiti kimoja chenye majani mawili na ua lililosinyaa, akakipeleka kwao, na hakurudi tena. Jioni moja, shangazi akiwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi jikoni, nikamwaga yote.

"Huyu hakuujua ule mti," nikasema. "Alipita kama mtu anayepita sokoni anaonja karanga bila kununua. Baba aliufia. Na leo tunaambiwa aliyeonja ndiye mwenye duka."

"Punguza sauti, jirani ana mtoto mchanga."

"Shangazi, hii si haki."

"Nani kakwambia ni haki? Ni utaratibu." Akasogeza mguu majini. "Majina ya hao wakubwa wa zamani nimeyashusha kwa mikono yangu mpaka nimesahau idadi. Mtu kaupa mti jina la mke wake, unakuta mwenzake kamtangulia, unabandika kipande juu yake, mke wa watu anashuka. Hukuwahi kunisikia nikilia."

"Hao si baba yangu."

"Ni baba wa mtu."

Nilikuwa nimekwisha kuandaa la kusema, nikalisema. Pakiti huchanika. Pakiti huanguka. Tunda ni dogo kama punje ya mtama. Likianguka chini ya kabati, nani atalitafuta? Bila tunda hakuna ushahidi, na bila ushahidi jina linabaki.

Shangazi hakunikemea. Ningependa angenikemea. Alinyoosha mkono, nikampa taulo, akafuta mguu mmoja taratibu, kidole kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "nani unadhani aliyatia yale matunda ndani ya pakiti?"

"Wewe."

"Basi unadhani niliyatia nimefumba macho?"

Nikatazama maji ya kwenye beseni.

"Hayana bawa," akasema. "Ni laini, ya mviringo, kama ya ule wa zamani. Niliyaona siku ileile, mchanga wa kaburi la mdogo wangu bado uko kwenye viatu vyangu. Sikuwa na haja ya kuwaza. Mwenzangu wa kabati la pili angeona pia, lakini sikumwonyesha. Nikakunja pakiti, nikabandika. Yule mtaalamu wa ng'ambo hakuwa na tunda, aliandika kwamba tunda hakuliona. Hakuniuliza mtu. Na mimi sikusema. Ulikuwa unaanza kutembea. Nikasema, huyu mtoto hana picha hata moja nzuri ya baba yake, acha awe na mti."

Akafuta mguu wa pili.

"Miaka yote hiyo nikiona mtu anakwenda upande wa lile kabati, naacha gundi ikauke kwenye brashi. Mtaalamu akija, nakuwa wa kwanza kumkaribisha, nimpeleke upande mwingine. Sijui kama unaelewa ninavyosema nimechoka. Watu wanafikiri ni miguu."

Nilimwaga maji, nikasuuza beseni, nikaliegemeza ukutani.

Kilichomgeuza, kwa maoni yangu, hakikuwa maneno yangu wala yake. Kilikuwa kichekesho. Kesho yake saa ya chai tulikuwa wanne kwenye kile chumba kidogo chenye sinki: shangazi, Bi Lenzi, mimi, na mlinzi wa mlango ambaye huja kuchovya mkate wake katika chai ya wengine. Mlinzi akamuuliza Bi Lenzi, bila adabu yoyote, hasara iko wapi mti ukiwa na majina mawili, mbona yeye mwenyewe ana matatu na mshahara anapokea mmoja.

Bi Lenzi akacheka. "Ngoja nikupe habari za kwetu. Tuna mzee mmoja msimamizi wa kitalu cha miche. Huo mti unashika udongo vizuri, kwa hiyo walimtaka aoteshe mingi, ipandwe kwenye miteremko inayoporomoka. Akapata mbegu upande mmoja zenye jina la zamani, na mbegu upande wa pili zenye jina la pili. Akatengeneza vitalu viwili. Anamwagilia kila kimoja kivyake, na kila msimu anatoa taarifa kwamba huu unakua haraka kuliko ule."

Mlinzi alipaliwa na chai.

"Subiri," Bi Lenzi akasema. "Halafu wakubwa wakamwandikia: huo wenye jina la pili ni adimu, unapatikana mlima mmoja tu duniani, usiuze mche wala kukata tawi. Basi kitalu kimoja anagawa bure, kingine amekizungushia waya. Na nje ya waya, mlangoni pa ofisi yake, uko mti mkubwa wa kivuli, wa jamii hiyohiyo, ndipo anapofunga baiskeli."

Shangazi alicheka. Sijawahi kumwona akicheka vile: alivua miwani zote mbili, akajipangusa macho kwa upindo wa koti la kazi, akaanza tena. "Waya," akasema, "amezungushia waya." Mlinzi naye akampiga bega. Kisha kicheko kikamwishia palepale, kama taa inavyokatika, akabaki ameshika kikombe.

"Na miteremko?" akauliza.

"Inaporomoka," Bi Lenzi akasema. "Miche iko ndani ya waya."

Shangazi aliosha kikombe chake. Akaosha na changu. Akaenda chumba cha nyuma, nikasikia mlango wa friza ukifunguka kwa ile sauti yake ya kubanduka.

Alirudi na mfuko wa plastiki umeganda weupe, akauweka katikati ya meza yake. Jalada jekundu lilionekana ndani kama kitu kilichoko chini ya maji. Nilitaka kuufungua mara moja, yaishe. Bi Lenzi akanizuia kwa kidole. Kitu kikitoka kwenye baridi hakifunguliwi kabla hakijapata joto la chumba. Ukifungua mapema, unyevu unakirukia na ukungu unaanza. Kwa hiyo tulikaa tukaungoja. Watu watatu wazima wameuzunguka mfuko, wakitazama barafu inavyogeuka matone.

"Mama," Bi Lenzi akasema, "hata kwetu friza huwa inasahau."

Shangazi akatikisa kichwa. "Friza haisahau, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakumbuka."

"Najua mti huu ni wa nani kwenu. Nimesoma kibandiko, na nimeliona jina la huyu kijana mlangoni."

"Na bado umekuja," nikasema.

"Nimekuja." Hakukasirika. "Kwetu tulishusha jina la mkurugenzi wetu akiwa hai. Alikuwa chumba cha pili anakunywa chai. Nilipeleka habari mimi mwenyewe. Akaniuliza, 'Limeshuka chini ya nani?' Nikamtajia. Akasema, 'Afadhali, nilidhani ni yule mwingine.'"

Shangazi alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Mfuko ulipokauka, aliufungua mwenyewe. Akafunua jalada. Tawi lilikuwa kama siku zote, majani yake ya kahawia, kibandiko cha mkono wa baba chini yake, na pembeni ile pakiti, mikunjo yake haijaguswa tangu vidole vyake vilipoikunja. Akachukua kibano. Akafungua mkunjo wa kwanza, wa pili. Akainamisha karatasi, matunda yakateleza kwenye kisahani cheupe bila sauti.

Bi Lenzi aliinamisha lenzi yake. Akatazama kwa muda ambao haukuhitajika, kwa sababu hata mimi nisiye na lenzi niliona. Yalikuwa laini. Yalikuwa ya mviringo. Yangeweza kuviringika mpaka chini ya kabati na nisingeyaona tena.

"Asante, mama," akasema.

"Andika kipande," shangazi akasema. "Gundi nitapaka mimi."

Bi Lenzi aliandika jina la zamani kwa mwandiko safi, na jina lake, na mwaka. Shangazi alipaka gundi nyuma ya kipande, akakilaza juu ya kile chenye jina la baba, pembeni kidogo, asikizibe. Akaweka kifuko cha mchanga.

Ilibaki sehemu yangu. Ndani ya kompyuta jina hubadilishwa mara moja, na habari huenda kwa nyumba zote zenye mapacha. Nilikaa mbele ya kioo. Nilikuwa na hotuba kifuani, nzuri, yenye watu wa zamani na watu wa sasa, wenye kuonja na wenye kufa. Bado ninayo. Bado naamini siku moja wale waliobeba mabunda mgongoni watahesabiwa pamoja na walioandika vitabu, na nitaipigania siku hiyo. Lakini nyuma yangu nilisikia shangazi akivuta kiti, akishusha pumzi, na ile pumzi ilikuwa ndefu kuliko hotuba yangu. Nikabonyeza.

Majibu yalianza kuja kabla hatujafunga ofisi. Nyumba moja: tumepokea, tumebandika. Nyingine: tumepokea. Nyingine ikauliza kama yale matunda yanaweza kupigwa picha. Niliyapiga. Shangazi aliyarudisha ndani ya pakiti, akakunja, akahamisha jalada kutoka kabati lake la peke yake hadi kabati la jina la zamani, kwenye majalada mengi yaliyobanana. Ilibidi asukume kwa kiganja ndipo lipate nafasi. Jioni alilala mapema, akasahau hata kuzima redio.

Asubuhi iliyofuata walikuja wanafunzi wa chuo, kama wanavyokuja kila muhula kuchora. Mwalimu wao alitaka mti ule wa zamani, na alitaka wachore tunda. Shangazi alipekua majalada yote; maua, maua, majani. Nikamwona anasimama. Kisha akalivuta lile jekundu, ambalo wanafunzi hawapewi, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye meza ya msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Akamfungulia pakiti, akamwaga matunda kwenye kisahani.

"Chora. Usiguse."

Msichana alichora. Alipomaliza tunda akasogeza karatasi akaanza kunakili kibandiko, akakunja uso.

"Mama, huyu aliandika kama kuku kachakura. Hapa mwisho anasemaje?"

Miwani zake zilikuwa mezani kwake, upande wa pili wa ukumbi. Hakuzifuata.

"Anasema, 'Mti mfupi, pembeni mwa kijito, maua meupe. Kivuli kizuri. Tumepumzika hapa.'"

"Na hilo la kupumzika niliandike?"

Shangazi alivuta kiti, akakaa kando yake.

"Liandike," akasema.

Msichana akaandika.